Unampigia Nani, Bibi?

Mkolani, Mwanza
11 Aprili 1999

Kwako Modesta, mke mwenzangu,

Mimi ni mzima. Jicho la kulia, lile walilonipasua, sasa linaona mpaka tundu la sindano; la kushoto bado linaona moshi. Mvua imechelewa, halafu imekuja na hasira. Mahindi yamesimama, mihogo imelala. Mbuzi wangu mwenye pembe moja amezaa mapacha, akamkataa mmoja, kwa hiyo namnywesha kwa chupa, utadhani kazi ya kulea sikuimaliza nilipokulea wewe. Kaburi la mume wetu nimelipalilia. Sikumwambia neno, naye hakuniambia neno, tukaachana kwa amani.

Mjomba wako Ngosha hajambo. Duka lake la vifaa vya ujenzi pale Mabatini limejaa mabati na misumari, naye amejaa mwenyewe.

Kabla sijaendelea: Chenge, najua unasoma. Modesta, wewe uko Dar es Salaam miaka sita sasa, pengine umesahau kwamba barua zetu zote, za kuja na za kwenda, zinapitia sanduku la posta la kigango. Anayezipokea ni Katekista Chenge, na zinatufikia gundi ikiwa bado mbichi. Chenge, ukimaliza rudishia karatasi kwenye mikunjo yake. Mara ya mwisho uliikunja kinyume.

Sasa jambo lenyewe. Nataka simu ya mkononi. Hapa Mwanza zimefika. Wanunuzi wa sangara wanatembea nazo barabarani wakipiga kelele kama watu waliogombana na upepo. Nimeuza ng'ombe wawili. Wewe unapiga taipu kwenye shirika kubwa, mambo haya unayajua. Nieleze: zipo za aina ngapi? Mtu wa jicho moja anaweza kuitumia? Na je, nikizungumza, anayesikia ni yule niliyempigia peke yake, au na wengine? Hilo la mwisho ndilo kubwa.

Usiniulize ya nini.

Bibi yako,
Teodora


Dar es Salaam
2 Mei 1999

Bibi, shikamoo,

Barua yako imefika ikiwa na doa la mafuta ya taa na unywele mmoja wa ndevu. Wewe huna ndevu. Msalimie Katekista.

Mimi sijambo. Kazi ipo. Nimekonda kidogo, lakini huku mjini kukonda ndiyo mtindo. Pole na mbuzi. Mama anayemkataa mtoto wake hata mimi simwelewi, labda alikuwa na mipango mingine.

Nimezunguka Kariakoo siku tatu, Jumatatu mpaka Jumatano, nikiulizia simu kwa niaba yako. Nimeona aina tatu.

Ya kwanza ni kubwa, nyeusi, nzito kama nusu mche wa sabuni. Ina antena ya kuvuta na vitufe vikubwa. Chaji yake inakaa siku mbili kwa mtu anayeongea kidogo. Wewe hesabu siku moja. Ya pili inafunguka mdomo kama kambale aliyetolewa majini. Inapendeza, ila muuzaji alipoifungua mbele yangu ilikataa kujifunga, akaanza kuilaumu hali ya hewa. Ya tatu ni ndogo, inaingia kwenye sidiria, na ndani yake kuna mchezo wa nyoka anayekula vidonge mpaka anajigonga kichwa.

Zote zinataka umeme wa kuchajia, na nyumbani huna, kwa hiyo tafuta jirani. Zote zinataka vocha, kadi ambayo unaikwangua kwa sarafu, unapata namba, unaziingiza. Vocha ikiisha uko katikati ya neno, nusu ya neno unabaki nayo mwenyewe.

Kuhusu kusikilizwa: anayesikia ni uliyempigia, pamoja na kila aliyesimama karibu yako, maana nakujua sauti yako.

Lakini Bibi, simu ni kitu cha watu wawili. Mimi sina simu. Mjomba hana. Wenzako wa jumuiya hawana. Unampigia nani?

Mjukuu wako,
Modesta


Mkolani
20 Mei 1999

Kwako Modesta,

Marahaba. Huku wote wazima isipokuwa jogoo, ambaye tulimla Pasaka.

Nimekata mche wa sabuni nusu kwa nusu, nikakaa nao sikioni tangu kuanika nguo mpaka zikakauka, nione kama mkono utachoka. Jirani akaja mbio akidhani sikio linaniuma, akaniletea mafuta ya kupasha. Mkono haukuchoka. Nachukua ile kubwa. Kitu nilichokitolea ng'ombe wawili sharti kionekane. Kambale simtaki, mdomo uliokataa kujifunga tunao wa kutosha hapa kigangoni. Na yule nyoka, nikimwona ndani ya simu nitampiga fimbo, halafu utasema nimeharibu. Umeme nitauomba kwenye mashine ya kusaga, nimeshaongea nao.

Fedha nimempa mama mmoja wa Igogo anayekuja huko kwa treni. Ataziweka mkononi mwako.

Umeniuliza nampigia nani. Nitakupigia wewe, kwanza. Namba ya ofisi yenu ninayo, uliniandikia ulipoajiriwa. Pili, mtu mzima anaweza kuwa na watu wake. Zaidi ya hapo siandiki kwenye karatasi inayosomwa na mwanamume mwenye ndevu.

Na wewe, siku tatu za kazi uko Kariakoo, ofisi inasemaje?

Teodora

(Chini yake, kwa mwandiko mwingine: Binti Modesta, Tumsifu Yesu Kristo. Bibi yako ananisingizia. Mimi sijawahi kufungua barua hii. Chenge, Katekista.)


Mkolani
10 Juni 1999

Modesta,

Kwa haraka. Simu usiipitishe dukani kwa mjomba wako. Narudia: usiipitishe kwa Ngosha. Mtafute mtu wa kuileta mpaka Mkolani mkononi mwangu. Sababu nitakueleza.

Teodora


Dar es Salaam
14 Juni 1999

Bibi, shikamoo,

Natumaini u mzima na yule mtoto wa mbuzi anaendelea na chupa. Mpe Katekista salamu zangu; mwambie mwandiko wake mzuri kwa mtu ambaye hakufungua barua.

Simu imepatikana, ile kubwa. Yule mama wa Igogo anarudi keshokutwa na treni. Kwake na kwako ni mbali, kwa hiyo nimemwambia aiache dukani kwa Mjomba Ngosha pale Mabatini, ni karibu na njia yake na mahali ni salama. Mjomba atakuletea. Namba ya simu nimeiandika nyuma ya karatasi hii, kwa tarakimu kubwa.

Kitufe cha kijani ni kupokea, chekundu ni kukata. Usikate kwa kuitupa. Ukisikia mwanamke anakuambia unayemtafuta hapatikani, usigombane naye. Hajamchukua mtu wako, ni mashine.

Nimeona umesema utanipigia ofisini. Usipige ofisini, Bibi. Wakubwa hawapendi. Nikipata nafasi nitakupigia mimi kutoka kwenye kibanda cha simu.

Kazi ipo.

Modesta


Mkolani
25 Julai 1999

Kwako Modesta,

Hatujambo, ila kwa Ngosha. Barua hii nimempa Chenge makusudi. Aisome, akamsomee na mke wake. Hakuna tena cha kuficha, kwa sababu simu uliyoninunulia nipate faragha imenitangaza Mwanza nzima.

Keti chini nikueleze.

Mwaka jana nilipokwenda hospitali kupasuliwa jicho, niliketishwa benchi moja na mzee mmoja. Mimi walinifunga jicho la kulia, yeye la kushoto. Kati yetu tulikuwa na macho mawili, tukayatumia kutafuta chai. Anaitwa Deodatus Ishengoma, Mhaya wa Bukoba, mgane. Alikuwa fundi wa simu za waya miaka thelathini, na nyumbani kwake ana simu ya mezani waliyomwachia alipostaafu. Tulikaa pale siku tisa. Alinichekesha mpaka nesi akaja kusema nyuzi zitafumuka. Aliporudi kwao akaanza kuandika.

Barua zake zilipita kwa Chenge. Ya nne ilipofika, Jumapili ile ile Chenge akafundisha kanisani juu ya wazee wanaoandikiana mambo ya vijana. Wote wakageuka kunitazama. Nami nikageuka kutazama nyuma, kana kwamba namtafuta huyo mzee. Siku hiyo ndipo nilipoamua kununua simu.

Barua yako yenye namba ilinifikia kabla ya simu. Kwa furaha nikamwandikia Deodatus namba siku hiyo hiyo, nikamwambia apige Jumamosi saa kumi. Simu ikafika dukani kwa Ngosha. Unafikiri aliileta? Aliivalisha kava la ngozi akaining'iniza kwenye mkanda. Akachomekea shati. Kila mteja aliyekuja kununua msumari alionyeshwa antena. Mimi nikatumiwa ujumbe kwamba mzigo "bado unakaguliwa".

Jumamosi ikafika, simu ikalia kiunoni mwake. Akapokea. Mzee wa watu akamuuliza Teodora yuko wapi. Ngosha akamuuliza yeye ni nani. Akajibu, maana ni mtu wa kweli: "Mimi ni mchumba wake." Ngosha akasema umekosea namba. Jumamosi ya pili, umekosea namba. Ya tatu, umekosea namba.

Deodatus akaniandikia kuuliza kama nimebadili mawazo. Modesta, barua hiyo niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Nikavaa kitenge kipya, nikaenda Mabatini, nikakaa dukani juu ya mfuko wa saruji.

"Mama, karibu," Ngosha akasema. "Umekuja kununua nini?"

"Nimekuja kupokea simu."

Wateja walikuwa watatu. Hakuna aliyeondoka. Saa kumi simu ikalia. Ngosha akaifunika kwa kiganja kama mtu aliyeshikwa na tumbo.

"Mama, hii ni aibu. Kwa umri wako!"

"Aibu ni mtu mzima kuvaa simu ya mama yake kiunoni. Ilete."

Akaileta. Nikabonyeza kijani.

"Teodora?"

"Ni mimi."

"Na yule anayeniambia kila wiki nimekosea namba ni nani?"

"Ni mwanangu wa kwanza. Nilimzaa kwa siku mbili, na bado hajamaliza kunisumbua."

Akacheka. Akaniuliza, mbele ya mabati na misumari na wateja watatu, kama bado nataka. Nikasema ndiyo. Fundi mmoja akapiga makofi, Ngosha akamfukuza kabla hajalipa.

Nilipokata, Ngosha akanisogelea. "Baba akikusikia huko aliko?"

"Baba yako alikuwa na mwanamke Misungwi mimi nikiwa hai, nampikia. Mimi nimesubiri afe kwanza."

"Na ukifa wewe? Utazikwa wapi? Kwa Wahaya, kwenye migomba?"

Nikamwambia, "Nikifa nitawapigia simu."

Watu walicheka sana. Mimi pia nilicheka. Lakini njiani kurudi na simu yangu sikucheka, kwa sababu niliuona uso wa Ngosha alipouliza. Hakuwa na kiburi. Alikuwa kama siku ile ya kwanza nilipomwacha shuleni.

Tangu hapo hajanikanyagia mlango. Sema na wewe unalofikiri. Mengine yote nimeshaambiwa.

Teodora


Dar es Salaam
15 Agosti 1999

Bibi, shikamoo sana,

Barua yako fupi ya tarehe kumi Juni ilichelewa, ikanifikia tarehe mosi Julai, simu ikiwa imeshaondoka. Nisamehe. Mimi ndiye niliyempa Mjomba simu, na mimi ndiye niliyekuuza.

Unaniuliza nafikiri nini. Nafikiri umenionea. Miaka yote hii unaniita mke mwenzako, halafu unaolewa peke yako, mimi unaniacha na marehemu! Barua yako nimewasomea wenzangu wa nyumba hii, na mmoja amesema akizeeka anataka awe na mfuko wa saruji wake.

Olewa, Bibi. Aliyekuchekesha siku tisa ukiwa umefungwa jicho hakuoni kwa sura. Kuhusu Mjomba, mpe muda.

Mimi sijambo, nina shughuli nyingi sana. Barua inayokuja nitaandika kwa kirefu.

Modesta


Mkolani
12 Septemba 1999

Modesta,

Salamu baadaye. Jumanne nilipiga simu ofisini kwenu.

Najua ulinikataza. Nilitaka kukutajia tarehe ya ndoa kwa mdomo wangu. Akapokea mwanamume mwenye sauti ya usingizi. Nikasema namtaka Modesta wa taipu.

"Modesta alipunguzwa tangu Februari, mama," akasema. "Tulikuwa mia na ishirini, tumebaki kumi na wanne. Shirika linauzwa. Mimi nalinda viti."

Nikamshukuru. Nikabonyeza chekundu. Halafu nikaenda nikakaa na mbuzi.

Tangu Februari. Barua yangu ya kwanza ya simu ilikukuta huna kazi. Ndiyo maana ulipata siku tatu za kuzunguka Kariakoo. Ndiyo maana umekonda. Na ng'ombe wangu wawili, mwanangu, hawakutosha simu ile; nimeuliza bei hapa mjini nikajua. Uliongezea kiinua mgongo chako, na kila barua ukaniandikia "kazi ipo".

Mimi nilikuficha mchumba, wewe ukanificha njaa. Hayo hayalingani. Sijakasirika sana. Nimekasirika vya kutosha.

Sasa sikiliza. Ndoa ni Novemba, tarehe ishirini, hapa kigangoni. Chenge atalazimika kuitangaza Jumapili tatu mfululizo, jambo ambalo ameshalisoma tangu mwaka jana. Baada ya hapo napanda meli kwenda Bukoba. Nyumba hii niliijenga mwenyewe kwa pamba yangu, mume wetu akiwa ameshalala pale nje. Ngosha ametuma mtu kuniambia kwamba siku nitakayoondoka atakuja kuifunga na kufuli, isiwe na mtu. Sitaki afunge kufuli nyumba alipozikwa baba yake. Njoo uishi humo. Nimekwisha kumwambia mwenyekiti wa mtaa mbele ya mashahidi kwamba ni yako.

Simu nakuachia. Niliinunua kwa ajili ya mtu mmoja, na mtu huyo sasa nitakuwa nagombana naye mezani.

Usiandike kukubali. Panda treni.

Teodora


Mkolani
16 Januari 2000

Kwako Bibi, Bukoba,

Shikamoo, na umpe Babu Ishengoma shikamoo yake peke yake, asichanganyiwe na yako.

Mahindi yamenifika kifuani. Mtoto wa mbuzi sasa ni beberu na ameanza utovu wa nidhamu. Walisema mwaka elfu mbili dunia itaisha. Hapa Mkolani kilichoisha ni sukari tu.

Ile mashine ya taipu niliyoinunua shirika lilipouza vitu vyake imepata meza barazani kwako. Nachapa barua za maombi ya kazi, mikataba ya viwanja na matangazo. Watu wanakuja kupiga simu pia, wanasubiri kwenye benchi. Katekista Chenge yuko hapa kila siku. Anasema amekuja kuchapisha orodha ya kipaimara, lakini macho yake yako kwenye karatasi za wenzake. Simfukuzi. Ananisahihishia makosa.

Leo sikuandikii hayo. Nakuandikia ya jana. Sehemu yake unaijua, lakini kuna upande ambao wewe hukuuona.

Jana Jumamosi Mjomba Ngosha alikuja. Mara yake ya kwanza tangu Julai. Alishika mnyororo, na kufuli jipya la dukani kwake likiwa bado ndani ya boksi. Nikamwamkia. Akatazama mlango, akanitazama mimi, akatazama mapazia. Nadhani alitarajia kukuta popo. Nikamletea chai na michembe ya viazi vitamu, akakaa kwenye benchi na wateja wawili, kufuli magotini, kama na yeye anasubiri zamu. Wale walipomaliza wakaenda zao.

"Hawa wanapiga wapi?" akauliza.

"Popote, Mjomba."

"Na Bukoba inafika?"

"Inafika."

Akanywa chai yote. Akaamka, akaenda kusimama kwenye kaburi la Babu. Nimelipalilia, Bibi, aliliona. Akarudi.

"Nikimpigia nitasema nini sasa?"

"Anza na shikamoo. Yaliyobaki ataongea yeye."

Nikapiga namba ya nyumbani kwenu. Aliposikia inaita aliishika kwa mikono miwili, akatoka nayo, akaingia katikati ya mahindi akanipa mgongo. Nilisikia mwanzo tu: "Shikamoo, mama. Ni mimi, Ngosha." Halafu, "Umekula?"

Baada ya hapo aliinama, mahindi yakamficha. Nilikuwa naona antena tu, inatikisika.

Vocha niliikwangua asubuhi, ilikuwa nzima. Iliisha yote. Akatoka shambani macho mekundu, mbelewele za mahindi zimemjaa begani, akaweka simu mezani taratibu kuliko alivyowahi kuweka kitu chochote. Nikadhani anaondoka. Akatia mkono mfukoni akatoa noti.

"Nipe nyingine," akasema. "Alikuwa hajamaliza kunigombeza."

Mjukuu wako,
Modesta